Kabla ya Presha: Watu Wasio na Majina Nyuma ya Stori ya Tumbo na Moyo Kanda ya Ziwa

Wadau, kaeni mkao wa kula, maana stori ya leo inaanzia tumboni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibuyu. Kule Magu, kwenye kona ya nyumba, kilikaa miaka yote kama mtu wa familia. Sisi wajukuu wa mjini tukienda likizo tulikuwa tunakikimbia kwa sababu ya ile harufu: maziwa yaliyoganda, moshi, na kitu kingine ambacho hadi leo sijui nikiiteje. Mtindi wake tulikuwa tunaumwagia sukari kwa kujificha ndo unywike. Ugali ulikuwa mweusi, wa mtama uliochanganywa na muhogo. Mboga ilikuwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, au mlenda. Asubuhi ni michembe au matobolwa. Tukirudi Mwanza wenzetu wanauliza "mmekula nini huko?" tunabaki kucheka tu.

Baadaye wajomba wakamleta mjini, Nyakato, "apumzike". Akapumzika kweli: chai yenye sukari ya kutosha, mkate mweupe, wali, sembe nyeupe pee, na watoto wa watoto wanaomletea chipsi wakijua wanampenda. Miaka michache mbele akaanguka asubuhi moja bafuni. Upande wa kulia ukagoma. Kiharusi. Tulipofika hospitali nesi akauliza, "Bibi alianza presha lini?" Tukaangaliana. Hakuna aliyejua. Mama mkubwa ndiye aliyejibu, tena kwa hasira kidogo: "Kwetu hakukuwa na presha. Presha imeletwa."

Nilichukulia kama maneno ya wazee. Si mnajua, kwa wazee kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri, hata njaa. Lakini ile kauli haikutoka kichwani, na mwaka huu nikaamua kuifuatilia. Kumbe mama mkubwa hakuwa mbali na ukweli. Na ushahidi wa kwanza kabisa haukutoka Ulaya wala Marekani, umetoka hapa hapa, kwenye ufukwe wa ziwa letu.

Turudi nyuma karibu miaka 100. Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza. Mwaka uliofuata, 1929, jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet lilitoa makala fupi ya daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison. Huyu bwana alikuwa ameishi miaka miwili Kavirondo Kusini, upande wa Kenya wa ziwa hili hili. Akaandika kwamba kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Hata mmoja! Akashangaa, akachukua mashine yake akapima watu wengine kama 1,000 ambao hawakuwa wagonjwa, vijana kwa wazee.

Alichokiona ndicho kilichonifanya niweke simu chini. Kwa Wazungu, presha ilikuwa inapanda kadiri umri unavyosogea, na madaktari wao waliona ni jambo la kawaida, yaani presha kwa mzee ni kama mvi. Kwa watu wa Kavirondo presha ilikwenda sambamba na ya Wazungu hadi kwenye miaka 40, halafu badala ya kupanda ikaanza kushuka.

Soma tena hapo. Wazee, presha inashuka.

Watu 1,000 na zaidi walinyoosha mkono wakafungwa kile kitambaa, na leo tunawajua kama namba tu. Hakuna jina. Hatujui nani alikuwa mvuvi, nani alikuwa mama wa watoto tisa, nani alicheka mashine ilipombana. Lakini ndo wao waliotoa habari kwamba uzee na presha si lazima vitembee pamoja. Habari kubwa kuliko hiyo kuhusu moyo wa mzee mi sijaisikia.

Sasa kabla hatujaanza kuimba "zamani ilikuwa raha", tuwe wakweli kidogo. Vyeti vya kuzaliwa hakuna, kwa hiyo umri wa mtu ulikuwa wa kukadiria. Waliofika miaka 60 enzi hizo walikuwa wameshapita malaria, ndui, minyoo na njaa, yaani ni wale wagumu waliobaki. Na Donnison mwenyewe alipotafuta sababu alikimbilia kwenye akili: eti ustaarabu ndio unaoleta presha, kwa sababu Mwafrika wa kijijini hana mawazo mengi. Mwaka 1937 akatoa kitabu kizima kuhusu ustaarabu na magonjwa.

Hapo mi namkatalia. Watu wanaodaiwa kodi ya kibanda na serikali ambayo hawakuiita, watu ambao baba zao na kaka zao walichukuliwa kubebea Waingereza mizigo kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, kile kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo, hao ndo hawana mawazo? Mawazo walikuwa nayo tele. Alichokuwa anakitafuta kichwani kilikuwa kwenye sahani.

Mwaka ule ule wa 1929 daktari mwingine Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya. Baadaye akahamia Uganda, akawa anafundisha na kutibu Mulago, Kampala, kwa miaka mingi. Trowell alikuwa mtu wa kuweka kumbukumbu, na kumbukumbu zake zilikuwa za kitu ambacho hakipo: anatafuta mshtuko wa moyo kwa Waafrika, hauoni. Mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake, Dk. Singh, wakaandika kwenye jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa wao mmoja, Mwafrika, ambaye mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba. Mgonjwa wa aina yake mmoja hadi anaandikiwa makala!

Mgonjwa huyo hatajwi jina. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa jaji, mtu mnene, aliyekuwa ameshazoea kula kwa mtindo wa Kizungu. Nikimfikiria namwona kabisa: suti, gari, siagi juu ya mkate, nyama kila siku. Alikuwa amefika kule ambako wote tunaambiwa tufike. Mtu wa kwanza kuingia kwenye maisha yale akawa na wa kwanza kuingia kwenye ule ugonjwa.

Mwaka 1980 Trowell, sasa mzee, aliandika makala nyingine ambayo kichwa chake tu kinatosha: safari ya Wakenya na Waganda kutoka presha ya kawaida kwenda presha ya juu, mwaka 1928 hadi 1978. Miaka 50. Yaani ndani ya maisha ya mtu mmoja, bibi yako akiwa binti hadi akiwa bibi, kitu ambacho hakikuwepo kikawa cha kawaida.

Sasa tuingie jikoni, au niseme chooni, maana hapa ndipo stori inapokolea.

Pale Mulago alikuwepo pia daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mwenye jicho moja (la pili alilipoteza akiwa mtoto). Duniani anajulikana kwa ile saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake. Ila baada ya kuondoka Uganda alianza kuhangaika na swali ambalo watu wazima wenzake waliliona la aibu: kwa nini wanakijiji wa Afrika wanapata choo kikubwa na rahisi hivyo, na hawana yale magonjwa yanayojaza hospitali za Uingereza?

Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili wakachapisha majibu. Wanakijiji wa Uganda walikuwa wanatoa wastani wa gramu 470 kwa siku, karibu nusu kilo. Wanamaji wa Uingereza na familia zao, gramu 104. Chakula cha mwanakijiji kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Cha mwanamaji kilichukua saa 83, zaidi ya siku tatu. Cheka, lakini kumbuka kwamba kuna wanakijiji waliokubali kukusanya vinyesi vyao, vikapimwa kwenye mizani, ili leo wewe uambiwe "kula nyuzinyuzi". Na wenyewe majina yao hayapo popote.

Burkitt akazunguka dunia akihubiri nyuzinyuzi: nafaka isiyokobolewa, maharage, majani, matunda. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ila kuna kitu hakukiona vizuri. Yeye aliona nyuzinyuzi kama fagio, kwamba zinapita zikisukuma uchafu. Hakujua kwamba kule chini kuna wanaozisubiri kwa hamu.

Hapa tunafika kwa bakteria. Najua wengi wetu tukisikia bakteria tunawaza UTI na taifodi. Hao ni wakorofi wachache. Utumbo wako mpana una matrilioni ya bakteria ambao hawana shida na wewe, wanataka kula tu. Na wanachokula ni kile ambacho wewe mwenyewe umeshindwa kukisaga. Ukila ugali wa dona, ule wanga mlaini unausaga wewe juu huko. Makapi yanashuka yakiwa mazima hadi utumbo mpana, na pale bakteria wanayachachusha, kwa namna ile ile mama anavyochachusha togwa. Katika kuchachusha wanatoa asidi ndogo ndogo za mafuta: asetati, propionati na butireti. Butireti ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo wenyewe. Nyingine zinaingia kwenye damu na kufika hadi kwenye figo na mishipa, ambako kuna vipokezi vinavyozitambua na vinavyohusika na kupandisha au kushusha presha.

Ukiwanyima makapi je? Hawafungi safari wakaondoka. Majaribio kwa panya yameonyesha baadhi yao wanageukia ule ute unaolinda ukuta wa utumbo, wanaanza kuula. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria vinapenya kwenye damu, na kinga ya mwili inakaa macho usiku na mchana kama mlinzi aliyesikia kelele. Ukiwa na miaka 20 hulioni. Likikaa miaka 40, mishipa ya damu inapoteza ule mnyumbuliko wake, inakuwa migumu kama mpira wa baiskeli uliokaa juani. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hiyo ndo presha ya uzeeni.

Kuna na bakteria wenye biashara nyingine. Ukila nyama nyekundu na mayai kwa wingi, wapo wanaogeuza virutubisho vyake kuwa gesi fulani, halafu ini linaigeuza kuwa kemikali inayoitwa TMAO. Tangu mwaka 2011 watafiti wa Cleveland, Marekani, wamekuwa wakionyesha kwamba wenye TMAO nyingi kwenye damu ndo wanaopatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2019 wenzao wa Colorado walichukua panya wazee, wakawapa antibayotiki kuua bakteria wa tumbo, na mishipa ya wale wazee ikaanza kufanya kazi kama ya vijana. Naomba sana, mtu asikimbilie duka la dawa. Ni panya, na antibayotiki zinaua wazuri na wabaya pamoja. Lakini inakupa picha: sehemu ya uzee wa mishipa inatengenezwa tumboni.

Na chumvi? Turudi ziwani tena. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliokuwa wanatoka vijiji vya ufukwe wa kaskazini wa ziwa kwenda kutafuta maisha Nairobi. Wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Majibu yalitoka mwaka 1990: ndani ya mwezi wa kwanza tu mjini presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na mkojo wao ulionyesha kwa nini. Chumvi imeongezeka, na madini ya potasiamu, ambayo yanatokana na matunda na mboga, yamepungua. Mwezi mmoja, wadau! Sio miaka kumi. Yule kijana wa miaka 23 aliyeshuka na basi na begi lake, akalala kwa kaka yake Kibera au kwingineko, mwili wake ulishabadilika kabla hajapata hata kazi.

Miaka mingi baadaye, 2017, watafiti wa Ujerumani wakaongeza kipande kilichokuwa kinakosekana. Chumvi nyingi iliwapandisha panya presha, na pia iliwapunguza bakteria wa kundi la Lactobacillus tumboni mwao. Waliporudishiwa bakteria wale, presha ikapungua. Sasa Lactobacillus unajua wanapatikana wapi? Kwenye mtindi. Kwenye togwa. Kwenye kile kibuyu nilichokuwa nakikimbia.

Najua kuna mtu ameshaanza, "samaki je? Si ndo chakula chetu?" Ndiyo, na samaki ana stori yake nzuri. Mwaka 1996 ulitoka utafiti wa Lugalawa, kusini mwa nchi yetu, uliolinganisha wanakijiji wanaokula samaki wa Ziwa Nyasa na wenzao wanaoishi kwa mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi. Ila sisi wa Mwanza tunajua samaki wetu alikoenda. Sangara akaletwa ziwani miaka ya 1950, viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na kwenye vibanda vyetu vikabaki vichwa na mapanki yanayokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika mara ngapi sijui. Hiyo ni mada ya siku nyingine, nikiianza leo hatutalala.

Kuna watu ambao bado wanaishi na tumbo la zamani, na si mbali. Ukitoka Mwanza ukakata Simiyu kuelekea Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe. Mwaka 2023 watafiti walihesabu aina za bakteria tumboni mwao: kwa wastani aina 730 kwa mtu mmoja. Watu wa California, 277. Wahadzabe wanakula mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda, na watafiti waliopima afya ya mioyo yao, vijana hadi wazee, walikuta presha ya juu ni kitu adimu sana. Wanatembea sana pia, tusisahau. Hauwezi kukaa kwenye bodaboda na kiti cha ofisini siku nzima halafu ukadai tumbo la Mhadzabe kwa kula ubuyu wa rangi.

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2004, Mabatini, hapa hapa Mwanza mjini, kikundi cha akina mama kinachoitwa Tukwamuane kilianza kutengeneza mtindi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, taasisi ya utafiti ya NIMR Mwanza na shirika la Kivulini. Mtindi wenyewe uliwekewa bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, na baadaye ukajulikana kwa jina la Fiti. Lengo la mwanzo halikuwa moyo. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, watu wanakonda, wanaharisha, na mtindi ulikuwa lishe na kinga. Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya utafiti mdogo hapa Mwanza: wajawazito waliokunywa mtindi wenye bakteria hao, zebaki na aseniki kwenye damu yao havikupanda kama kwa wenzao. Kwa watoto wa shule faida hiyo haikuonekana, na watafiti walisema wazi.

Mi huwa natabasamu nikifikiria hilo. Kanda nzima ya wafugaji, watu waliokuwa na bakteria wao kwenye vibuyu vizazi na vizazi, tunaletewa mbegu ya mtindi kwa ndege kutoka Kanada. Sio lawama kwa Wakanada, walikuja na kitu kilichopimwa na kinachojulikana. Akina mama wa Mabatini waliamka alfajiri kuchemsha maziwa na kuuza, wakasomesha watoto. Ila najiuliza nani aliwahi kupima kilichokuwemo kwenye kibuyu cha bibi kabla hakijaachwa.

Mwaka jana, 2025, ndo tumeanza kupata majibu ya namna hiyo, kutoka Moshi. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Waliokuwa wanakula vyakula vya asili, ndizi, maharage, mboga, nafaka nzima, wakabadilishiwa kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi. Waliokuwa wanakula hivyo vya mjini wakapewa vya asili. Kundi jingine wakanywa mbege kila siku kwa wiki moja. Wiki mbili zilitosha. Waliohamia soseji na chipsi, damu yao ilionyesha mwili umeanza kuwaka kwa ndani, na kinga yao ikajibu vibaya zaidi ilipokutanishwa na vimelea. Waliohamia vya asili na wale wa mbege, ule moto ukapungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Ni vijana wa kiume tu, na hakuna aliyesubiri kuona nani atapata kiharusi uzeeni. Lakini ukiuweka utafiti huu kando ya ule wa Donnison, ni kama watu wawili wanaozungumza wakiwa wameachana miaka 96.

Hapa katikati wazee wetu wameendelea kudondoka. Pale Bugando, watafiti walifuatilia vifo wodini kwa miaka mitatu na kuchapisha mwaka 2013: kwa wagonjwa waliovuka miaka 50, yaliyoongoza kwa kuua ni magonjwa yanayotokana na presha. Kiharusi, moyo kushindwa kazi, figo. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mwingine uliopita mjini na vijijini, kaskazini magharibi mwa Tanzania na kusini mwa Uganda. Presha ilikuwepo hadi vijijini, na wengi waliokuwa nayo hawakujua. Ziwa lile lile la Donnison.

Sisemi sembe ndiyo iliyomwangusha bibi. Mtu mmoja huwezi kumpigia hesabu hivyo: kuna damu ya ukoo, kuna kukaa bila kutembea, kuna chumvi, kuna presha ambayo hakuna aliyeipima miaka yote. Na kama mzee wako anameza dawa za presha, asiziache hata siku moja eti kwa sababu umemnunulia mtindi. Mtindi ni chakula. Dawa ni dawa. Bibi alipotoka hospitali alimeza zake kila jioni, akaishi miaka mingine minne, akitembea na fimbo, akiomba uji wa ulezi na kukataa mkate. Alituambia mkate unamfunga tumbo. Burkitt angempa kazi.

Mama mkubwa ndiye aliyerithi kibuyu. Mwezi uliopita nilikwenda Magu nikakiomba nikione. Hakina maziwa siku hizi, anawekea mbegu za mchicha. Nikainusa ile shingo yake, na ile harufu ambayo sijui nikiiteje ilikuwa bado imo kwa mbali. Nikamwambia kuhusu wale watu 1,000 wa Kavirondo na presha zao zinazoshuka. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Majina yao wameandika?"

Nyie kwenu je, kibuyu kilikwenda wapi? Na kuna yeyote ambaye bibi au babu yake alishawahi kusimulia habari za kupimwa na watu wa utafiti zamani hizo, hasa wale wa Musoma, Ukerewe, Bukoba na ng'ambo ya Kisumu?